Kila Unayemsema Ana Mama

Dada zangu, kabla hujasambaza jina la mtu kwenye simu, mkumbuke Richard Jewell. Tarehe 27 Julai 1996, akiwa mlinzi katika bustani ya Olimpiki mjini Atlanta, aligundua mkoba wenye bomu akasaidia kuwaondoa watu. Siku tatu baadaye gazeti likamtaja mshukiwa. Wapelelezi wakapekua nyumba, wakabeba hata vyombo vya jikoni vya mama yake. Mama akalia mbele ya kamera, akimwomba Rais Clinton amsafishe mwanawe.

Oktoba serikali ikamwandikia kuwa si mshukiwa tena. Mhalifu, Eric Rudolph, alikiri mwaka 2005. Jewell alifariki 2007, na miaka 44 tu.

Kumchafua kulichukua siku tatu, kumsafisha miezi. Basi tuzuie ndimi, na vidole pia.