Msiisingizie Nyumba Ndogo

Kuna mwandishi anayedai nyumba ya vyumba viwili Dar es Salaam haikaliki bila kiyoyozi. Hapo anaisingizia nyumba makosa ya mchoraji. Dirisha la alumini la kusukuma pembeni hufunguka nusu tu. La luva hufunguka karibu lote. Bati lisilo na dari hushusha joto moja kwa moja kitandani, na upenu mfupi huacha jua liunguze ukuta mchana kutwa. Elekeza kuta ndefu kaskazini na kusini, weka madirisha yanayotazamana, upepo wa kaskazi na wa kusi upite. Nyumba nyembamba hupitisha upepo kwa urahisi kuliko jumba pana. Anayekimbilia kiyoyozi analipia kosa la ramani kila mwezi.