Pesa za ukame zifike ng'ombe akiwa angali amesimama

Kila mfugaji wa Kaunti ya Wajir anajua kwamba ng'ombe akishalala chini kwa njaa hana mnunuzi. Kwa hivyo msaada wa serikali unaolipwa pindi mvua inapokosekana ni jambo moja, na ule unaolipwa mizoga ikiwa imetapakaa malishoni ni jambo jingine kabisa, hata kama shilingi ni zile zile.

Mwaka wa 2017 ulionyesha kwamba haraka inawezekana. Mvua za vuli za mwisho wa 2016 zilikosekana kaskazini, na Februari 2017 yakatangazwa malipo ya bima ya takriban shilingi milioni 215 kwa zaidi ya familia 12,000 za wafugaji katika kaunti sita, Wajir ikiwemo. Ni wastani wa karibu shilingi 18,000 kwa familia. Kundi jipya halinunuliwi kwa pesa hizo. Hata hivyo, zinanunua marobota ya nyasi, maji ya bauza na dawa, ili mitamba michache ifike msimu wa mvua.

Bima hiyo, iliyoanzishwa Wajir na Turkana Oktoba 2015, haihesabu mizoga. Satelaiti hupima ukijani wa malisho, na yakikauka kupita kiwango kilichowekwa malipo hutoka bila afisa kutumwa kukagua boma. Serikali iliwalipia wafugaji ada ya ng'ombe 5, au mbuzi na kondoo wanaolingana nao.

Kasoro hazikosekani. Eneo linalopimwa ni pana, na wastani wake waweza kuwa mzuri ilhali kijiji kimoja kimekauka kabisa. Mfugaji wa kijiji hicho hukosa hata senti, asijue kwa nini jirani amelipwa. Mpango uliofuata ulimtaka achangie sehemu ya ada mwenyewe; basi ana haki ya kuelezwa hayo barazani, kwa Kisomali, kabla hajatoa pesa zake.

Njia ya pili ni serikali kununua mifugo. Rais Uhuru Kenyatta alitangaza ukame kuwa janga la kitaifa Septemba 8, 2021, baada ya misimu miwili mibaya, na Tume ya Nyama ya Kenya ikapewa kazi ya kununua. Nia ilikuwa njema. Lakini lori hufuata barabara, na ng'ombe aliyedhoofika hawezi kutembea siku mbili kulifuata. Hapo ndipo dalali mwenye gari hupata mwanya. Kufikia mwisho wa 2022 misimu mitano ilikuwa imekosa mvua, na zaidi ya mifugo milioni 2 ikawa imekufa nchini.

Hasara hiyo haikuishia bomani. Mwenye duka Habaswein hukopesha unga, sukari na mchele akitegemea mbuzi watakaouzwa sokoni. Mbuzi wakifa, daftari la madeni hubaki karatasi tu, na muuzaji wa jumla hataki kusikia habari za ukame.

Serikali ya kaunti haiwezi kusingizia sheria. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inairuhusu kuwa na hazina ya dharura, na kutumia hadi asilimia 2 ya mapato yake kabla ya idhini ya bunge la kaunti, ambayo huombwa baadaye. Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame nayo hutoa taarifa ya hali ya kila kaunti kame na nusu kame kila mwezi. Yafaa iandikwe mapema kwamba taarifa ikifikia kiwango fulani, malipo yaanze wiki hiyo hiyo, na majina ya watakaolipwa yabandikwe katika afisi ya chifu. Mpango wa serikali wa pesa za kukabili njaa uliandikisha familia na kuzifungulia akaunti za benki Wajir miaka mingi iliyopita, na umewahi kuzitumia kulipa familia za ziada ukame ulipozidi. Kisichoandikwa bado ni tarehe ambayo afisa wa kaunti atalazimika kutia sahihi.