Nani Mwenye Siri ya Serikali?

CHAWIA, Taita — Neno "msaliti" ni jepesi ulimini mwa mwenye kulisema, lakini uzito wake humwelemea anayeitwa. Wataita wanalijua hilo tangu zamani. Mwaka 1915, wakati wa Vita Kuu vya Kwanza, Waingereza waliwashuku watu wa Kasigau kuwa waliwasaidia Wajerumani. Wakawahamisha wote, wake kwa waume, hadi Malindi. Wengi wakafia huko ugenini, na walionusurika hawakuruhusiwa kurejea mlimani kwao mpaka miaka ya 1930. Shaka ya mkubwa ilitosha kuwa hukumu.

Nayakumbusha hayo kwa sababu neno lilo hilo ndilo analorushiwa Edward Snowden kila atajwapo barazani. Mwaka 2013 kijana huyo wa Kimarekani, aliyekuwa akifanya kazi ya mkataba katika shirika la ujasusi la NSA, aliwapa waandishi nyaraka zilizoonyesha jinsi serikali yake ilivyokuwa ikikusanya habari za simu za mamilioni ya watu. Serikali yake ikamshtaki. Akaishia Urusi, ambako alipewa uraia mwaka 2022. Wako wanaomwita shujaa, na wako wasemao kwamba aliiuza nchi yake.

Msomaji atauliza: ya Marekani yatuhusu nini sisi? Yatuhusu sana. Mwezi wa Mei 2014 gazeti la The Intercept liliandika, kwa mujibu wa nyaraka hizo, kwamba Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi ambazo NSA ilikuwa ikichota habari za simu zake: nani kampigia nani, saa ngapi na kwa muda gani. Mtu asidhani kuwa hilo ni dogo. Binti aliyeko Voi akimpigia mamake hapa Chawia usiku wa manane, kisha mama akawapigia jamaa mmoja mmoja hata alfajiri, hapana haja ya kusikia neno. Anayeisoma orodha hiyo atajua kuna msiba. Nasi tuliosoma chuoni tulifundishwa mapema kwamba Sura ya Al-Hujurat imekataza watu kupelelezana.

Hata hivyo, wa upande wa pili wana hoja isiyofaa kudharauliwa. Nchi iliyopigwa bomu mwaka 1998, ikamwagiwa damu Westgate 2013, Mpeketoni 2014 na Garissa 2015, yahitaji kuwa na masikio. Afisa anayemtaja mpelelezi aliye kazini, au anayeuza ramani ya kambi, huyo ni msaliti wala hana utetezi.

Tofauti basi iko wapi? Tutazame siri yenyewe ni ya nini, na amekabidhiwa nani. Msaliti humpelekea adui kile kinachoilinda nchi. Shahidi humpelekea raia habari ya kosa analotendewa raia huyo. Mwaka 2020 mahakama ya rufani ya Marekani, katika kesi ya Wasomali wanne, ilisema kwamba ule ukusanyaji wa habari za simu ulivunja sheria, ingawa haikuwafutia hukumu zao. Kumbe siri iliyokuwa ikilindwa kwa jina la uzalendo ilikuwa siri ya uvunjaji wa sheria!

Sisi nasi tulikuwa na wetu. David Munyakei alikuwa karani wa Benki Kuu ya Kenya. Aliona jinsi mabilioni ya shilingi yalivyolipwa kampuni ya Goldenberg kwa dhahabu na almasi zilizodaiwa kuuzwa ng'ambo, na karatasi zikafika kwa wabunge wa upinzani. Mwaka 1993 alikamatwa na kushtakiwa chini ya Sheria ya Siri za Serikali. Mashtaka yakaondolewa, lakini kazi hakurudishiwa. Alikuja Mombasa, akasilimu, akaoa, akaishi miongoni mwetu bila ya kujulikana. Mwaka 2006 alifariki dunia akiwa maskini. Hakuiuza nchi, angekuwa muuzaji, bila shaka angekuwa na bei.

Katiba ya 2010 imelinda faragha ya mwananchi, na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 ina kifungu cha kumlinda anayefichua jambo kwa manufaa ya umma. Huo ni mwanzo mwema. Lakini kifungu hakiwalishi watoto wa aliyefukuzwa kazi. Twataka ulinzi unaofika hadi kwenye mshahara na nyumba yake, na mahali pa kupeleka ushahidi asipokuwapo mkubwa yule yule anayeshtakiwa.

Na sisi wa mabarazani tuna sehemu yetu. Kabla ya kumwita mtu msaliti, na tuulize kwanza: aliyoyafichua yalikuwa ya nani? Yakiwa ni yetu, amana imerudi kwa wenyewe, na anayestahili kuhojiwa ni yule aliyetuficha.