Mgongo Ukiumia Kazini, Sema Siku Ile Ile

Ndugu msomaji, mkono ukikatwa na mashine kila mtu anaona. Damu inatoka. Msimamizi anaita gari. Hakuna anayebisha. Lakini mgongo ukiumia, hakuna damu wala kidonda. Mtu anasimama mbele yako, ana mikono miwili na miguu miwili, naye anasema: "Siwezi kuinama." Hapo ndipo ubishi unapoanza.

Jirani yangu alikuwa kibarua wa kupakia magunia ya mahindi katika ghala moja. Jioni moja alitwishwa gunia la lumbesa. Akageuka kulitupa ndani ya lori. Akasikia kitu kama kimekatika kiunoni. Aliona haya kusema mbele ya wenzake. Akamaliza kazi, akarudi nyumbani, akakandwa kwa maji ya moto. Siku ya tatu hakuweza kuondoka kitandani.

Baada ya wiki tatu alikwenda kwa msimamizi. Akajibiwa: "Wewe una shamba. Mgongo umeuumiza kwa jembe lako. Nani alikuona ukiumia hapa?" Jirani yangu hakuwa na karatasi. Hakuwa na shahidi. Wenzake walikuwa wamekwisha kuisahau siku yenyewe.

Mimi naamini alisema kweli. Lakini imani yangu haikumletea unga nyumbani.

Kwa nini mgongo hubishaniwa?

Uti wa mgongo umejengwa kwa pingili. Kati ya pingili na pingili kuna kitu laini kama mto mdogo. Pembeni kuna misuli, na karibu yake inapita mishipa ya fahamu inayokwenda miguuni. Mtu akiinua mzigo mzito huku amejipinda, misuli inaweza kuchanika. Ule mto mdogo unaweza kutokeza nje na kubana mshipa wa fahamu.

Picha ya eksirei huonyesha mifupa. Haionyeshi msuli uliochanika. Haionyeshi mshipa uliobanwa. Kwa hiyo picha ikiwa safi, si kweli kwamba mgonjwa ni mwongo. Na mtu mwenye shamba anaweza kuumia ghalani kama mtu mwingine yeyote. Jembe lake si ushahidi wa kumnyima haki.

Tuseme kweli pia. Wapo watu wachache wanaosingizia maumivu ili wapate fedha. Hao wanawaharibia wenzao. Dawa yake si kuwakataa wote. Dawa yake ni taarifa ya mapema na uchunguzi wa daktari.

Sheria inasemaje?

Zamani, chini ya sheria ya enzi za mkoloni, fidia ya ulemavu wa kudumu haikuzidi shilingi 108,000. Mwaka 2008 Bunge lilitunga Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi. Mwaka 2015 Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulianza kazi Tanzania Bara. Waajiri ndio wanaochangia Mfuko huo. Mfanyakazi hakatwi mshahara wake kwa ajili ya mchango huo.

Aliyeumia kwa sababu ya kazi, akiwa kazini, ana haki ya matibabu. Asipoweza kufanya kazi kwa muda, hulipwa asilimia 70 ya mshahara wake, kwa muda usiozidi miezi 24. Akibaki na ulemavu, kuna fidia ya ulemavu. Mwajiri anatakiwa kuuarifu Mfuko katika siku 7 tangu apate habari. Dai lipelekwe kabla ya miezi 12 kupita.

Basi ninawauliza waajiri: kwa nini mnaficha ajali? Mchango mmekwisha kuutoa. Mkificha, mnamnyima mtu wenu kile mlichokwisha kumlipia.

Ufanye nini?

1. Sema siku ile ile. Mwambie msimamizi mbele ya wenzako. Usione haya. Kuumia si uvivu.

2. Andika. Ndugu, hukujifunza kusoma na kuandika ili usome barua za wengine tu. Andika tarehe, saa, mahali, mzigo uliobeba, na majina ya watu wawili waliokuona. Mpe msimamizi nakala moja, nawe ubaki na moja.

3. Nenda zahanati mapema. Mwambie mganga: "Nimeumia kazini nikiinua gunia." Hakikisha ameandika hivyo. Tunza kadi na karatasi zote mahali pakavu.

4. Ukiambiwa kwamba kibarua hana haki, usikubali kabla ya kuuliza. Nenda kwa Afisa Kazi au ofisi ya Mfuko.

5. Dai likikataliwa, omba jibu la maandishi lenye sababu. Sheria inakuruhusu kupinga uamuzi.

Linda mgongo wako

Mzigo ukiwa chini, piga magoti, usiinamishe kiuno. Uweke karibu na kifua. Ukitaka kugeuka, geuza miguu, usijipinde. Mzigo mzito wachukue watu wawili. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilishauri kwamba mwanamume mzima asibebeshwe zaidi ya kilo 55. Pima sasa gunia la kilo 100, kisha pima lumbesa! Anayepakia lumbesa anamwibia mkulima na kumvunja mchukuzi.

Ukiumia, usilale kitandani wiki nzima. Tembea polepole kadiri unavyoweza. Lakini miguu ikilegea, ikifa ganzi, au ukishindwa kuzuia mkojo au choo, kimbilia hospitali siku hiyo hiyo. Usingoje kukandwa.

Jirani yangu hapakii magunia tena. Mkewe ndiye anayelima peke yake. Laiti siku ile angeandika mistari mitano tu, leo angekuwa na kitu cha kuweka mezani mbele ya wakubwa. Karatasi moja ni nyepesi kuliko gunia, lakini siku ya ubishi ina uzito mkubwa.

Ndugu msomaji, kama katika nyumba yako yuko mtu anayekwenda kibarua, msomee habari hii leo.