Mtoto anayeangukaanguka, urjansi imtazame na miguu

Mvulana wa miaka sita anafikishwa usiku katika chumba cha dharura, pale sisi wote tunapaita urjansi. Ameanguka na kuvunjika mkono. Mama anaeleza kwamba huyu anaangukaanguka kila siku, hata mahali tambarare, na akitaka kuinuka kutoka chini anashika magoti, kisha mapaja, kama mtu anayepanda juu ya mwili wake mwenyewe. Mashavu ya miguu yake ni manene. Baba anafikiri ni nguvu ya kucheza mpira. Mkono unafungwa plasta, wanarudi nyumbani. Juu ya miguu, hakuna aliyeandika kitu.

Namna hiyo ya kuinuka, William Gowers, munganga wa London, aliieleza tangu mwaka 1879. Ugonjwa wenyewe unabeba jina la Mfaransa Guillaume Duchenne, aliyeuchunguza katika miaka ya 1860. Unampata karibu mvulana mmoja kati ya 5.000. Mwili wake hautengenezi distrofini, protini inayolinda misuli, basi misuli inaharibika polepole. Miguu inatangulia: bila matibabu, wengi hawatembei tena wakifikia miaka 12. Baadaye ni pumzi na moyo.

Kwa nini tunawaelekea wanganga wa urjansi? Kwa sababu mara nyingi mtoto huyu anapita mikononi mwao kwanza, na wanaweza kumuua bila kujua. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Marekani, kulitolewa habari za wavulana walioonekana wazima ambao moyo ulisimama ghafla baada ya kudungwa suksametoniumu, dawa ya kulegeza misuli ili mgonjwa aingizwe mpira wa hewa kooni. Baadaye ikaonekana kwamba wengi wao walikuwa na ugonjwa wa misuli ambao hakuna aliyekuwa ameutambua. Misuli ilimwaga potasiamu katika damu. Tangu hapo dawa hiyo inabeba onyo kali kuhusu watoto, lakini ingali katika orodha ya OMS ya dawa za lazima, kwa sababu inaokoa wengine wengi. Tuangalie vizuri onyo hilo lilitoka wapi: lilitoka kwa wanganga waliokubali kuandika vifo vilivyotokea mikononi mwao. Huo pia ni utafiti, na hauhitaji maabara ya milioni za dola.

Kuna mitego mingine. Damu ya mtoto huyu inaonyesha transaminazi za juu, anatibiwa ini wakati ini lake ni zima. Kipimo cha CK kingesema ukweli kwamba ni misuli. Mwingine tayari anakunywa prednisoloni, ambayo inaweza kumwongezea miaka miwili au mitatu ya kutembea. Analazwa kwa malaria, dawa zake zinasahauliwa nyumbani, na kuzikata ghafla kunaweza kumwangusha vibaya kuliko malaria yenyewe.

Na hapa kwetu pasipo na jibu la munganga, jibu la mtaa halikawii. Mama wa kambo amemroga, au mtoto mwenyewe ni mchawi, au damu ya ukoo wa mama ni mbaya. Ni kweli mama anaweza kubeba kasoro hiyo bila kuugua, lakini karibu theluthi ya watoto hawa hawakuirithi kwa mtu yeyote. Ndoa zinavunjika kwa uongo.

Tutaambiwa: hospitali za Goma, Bukavu na Bunia zimejaa watu waliopigwa risasi, nani ana wakati wa ugonjwa wa nadra? Tunalielewa neno hilo. Lakini hatuombi jengo jipya. Inchi hii ina maeneo ya afya zaidi ya 500, na yote yanajua kazi moja: mtoto wa chini ya miaka 15 akilegea ghafla miguu au mikono, anatangazwa na choo chake kinapimwa mara mbili kwa ajili ya polio. Wareko wanaifahamu, wauguzi pia. Kwenye daftari hilohilo iongezwe mistari michache kwa yule anayelegea polepole: umri, alianza kutembea lini, anainukaje. Vyuo vya uganga vya Kivu na Ituri vina wanafunzi wanaotafuta habari ya kuandikia kazi zao za mwisho. Habari ni hiyo. Nazo divisheni za afya za majimbo zihakikishe CK inapimwa walau katika hospitali moja ya kila mji mkubwa.

Wakati tunangoja hayo, mzazi ambaye mvulana wake anapanda ngazi kwa shida, anatembea kwa ncha za vidole au anainuka kwa kujishika mapaja, asinyamaze kwa sababu ameulizwa juu ya mkono tu. Kabla ya sindano ya usingizi, amwambie munganga: miguu yake haina nguvu, tangu zamani.