Siri ya Mgonjwa na Kompyuta ya Nyumbani

Kisiwani Pemba, iwe Wete, Chake Chake au Mkoani, watu hujuana kwa ukoo na mtaa. Siri ya mgonjwa ikivuja, hairudi. Kwa hiyo mhudumu wa afya anayefungua majibu ya vipimo katika kompyuta ya nyumbani hana budi kuisafisha kwanza. Programu ya kuzuia virusi pekee haitoshi: kiendelezi, yaani programu ndogo iliyopachikwa kwenye kivinjari, kikiruhusiwa kusoma tovuti zote huweza kuyaona majibu hayo, hata kama kiliwekwa na mtoto kwa ajili ya mchezo. Na afungue orodha ya viendelezi, aondoe kila asichokihitaji. Programu asiyoijua aiulizie kabla ya kuifuta. Mgonjwa naye afanye vivyo hivyo. Wajibu wa kutunza siri hauishii mlangoni mwa hospitali.