Waya wa Kioo Utokao Baharini Hata Mashimoni

Tarehe 12 Mei, 2024, intaneti ilizorota katika Kenya, Tanzania na nchi za jirani. Mkazi wa Mashimoni, Kibera, apataye riziki yake kwa kuwaandikia kazi watu wa ng'ambo, alikuwa na haki ya kuuliza: mlingoti wa simu ungali umesimama pale pale, basi kimeharibika nini?

Zilikuwa zimekatika nyaya mbili, EASSy na SEACOM, chini ya bahari kati ya Msumbiji na Afrika Kusini.

Wengi hudhani habari hushuka kutoka angani. Zamani ilikuwa karibu hivyo, kwa kuwa kituo cha Longonot, kilichofunguliwa mwaka 1970, kilitumia setilaiti iliyo juu yapata kilomita 36,000. Kupanda na kushuka tu huchukua kama robo ya sekunde. Mwaka 2009 waya wa TEAMS ulifika Mombasa kutoka Fujairah, urefu wa kilomita 5,000 hivi, nao huvuka safari hiyo kwa sehemu moja ya arobaini ya sekunde.

Wala si waya wa shaba kama ule wa simu ya maandishi uliounganisha Unguja na Aden mwaka 1879. Ndani yake mna nyuzi za kioo, nyembamba kama unywele, na habari hupita kwa mimweko ya nuru: kumweka ni moja, kutomweka ni sifuri. Lakini nuru nayo huchoka njiani. Kwa hiyo, kila baada ya kilomita kadhaa, mara nyingi chini ya mia moja, huwekwa chombo cha kuitia nguvu, nacho hupata umeme kutoka pwani kwa njia ya shaba iliyomo ndani ya waya huo huo.

Waya ukikatika, mafundi hupeleka nuru na kupima muda wa kurudi kwake, ndipo wajue umekatika wapi. Kisha meli huenda kuvua ncha zote mbili na kuziunga. Kazi hiyo hutaka siku nyingi, na bahari ikichafuka huzidi. Siku zile, habari zilipitishwa katika nyaya zilizobaki, zikasongamana. Ndiyo sababu intaneti ilizorota bila kufa.

Kutoka Mombasa hata Nairobi nuru hupita tena katika kioo. Hewani husafiri kipande cha mwisho tu, toka mlingotini hata simuni, na hapo ukuta wa mabati waweza kuizuia kuliko bahari yote.